Bastola kiunoni, mikono kwenye usukani

Mafunzo yangu ya silaha yalichukua siku kadhaa. Nilifundishwa kusimama, kushika, kulenga, kutoa pumzi kabla ya kufyatua, kuifungua bastola vipande na kuisafisha, kujaza magazini, lile kasha la risasi, mpaka vidole gumba vikauma. Siku ya mwisho mwalimu akatuaga, kila mtu akaingia kwenye gari lake. Nikafunga mlango, nikavuta mkanda wa siti, na kitako cha bastola kikanidunga ubavuni kama kiwiko cha abiria mwenye hasira. Hapo ndipo nikagundua kwamba siku zote zile hakuna aliyenifundisha kukaa nayo.

Na kukaa ndiko nifanyako kutwa. Kazi yangu ni ya barabarani. Kuna siku natoka alfajiri narudi usiku, na katikati nashuka garini mara tano, sita. Kulenga shabaha nafanya mara mbili kwa mwezi nikijitahidi sana.

Siku ile nilivumilia kilomita kumi hivi. Kisha, kwenye taa nyekundu, nikainua kiuno, nikaichomoa bastola pamoja na ala yake, ule mfuko wa kuivalia kiunoni, nikaisukuma chini ya siti. Raha iliyoje! Mgongo ukapumua. Kwa miezi minne hiyo ndiyo ikawa desturi yangu: nikipanda naichomoa, nikishuka nairudisha. Baadaye nilikaa nikapiga hesabu. Mara sita kwenda, mara sita kurudi, ni mara kumi na mbili kwa siku naishika silaha iliyojaa risasi nikiwa nimejikunja, mkono umepinda, macho yako dirishani kuangalia nani ananiona. Mwalimu angeniona uwanjani nikiishika hivyo angenifukuza.

Siku ya balaa haikuwa na la ajabu. Mvua ya rasharasha, lori mbele yangu likafunga breki ghafla, nami nikafunga. Nikasikia kitu kinakwaruza zulia. Bastola ilitoka chini ya siti ikaja mpaka kwenye kisigino changu, na nilipoinua mguu kuurudisha kwenye mafuta, ikajipenyeza chini ya pedali ya breki. Nikajaribu kukanyaga taratibu: pedali inashuka nusu, inagota kwenye chuma. Lori likaondoka, magari ya nyuma yanapiga honi, nami nina gari lenye nusu ya breki. Nilijikokota kwa gia ya kwanza, mkono kwenye breki ya mkono, mpaka nikapanda ukingo wa barabara nikazima injini.

Niliinama kutazama. Ala yangu ilikuwa ya kitambaa laini, ya kuchomeka tu, na ile safari ya kutoka chini ya siti ilikuwa imeivua nusu nzima. Triga, kile kifyatulio, ilikuwa nje. Kona ya zulia la mpira, ile iliyojikunja kwa kukanyagwa miaka yote, ilikuwa imeingia ndani ya kikingio cha triga, na mtutu ulikuwa unaangalia kwenye paja langu. Sikuigusa. Nilishuka upande wa pili, nikazunguka gari, nikafungua mlango wa dereva kutoka nje, nikalivuta zulia kwanza, kidogo kidogo, kama mtu anayemnyang'anya nyoka kitambaa.

Nilipofika nyumbani nilimsimulia mke wangu. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Baba Nuru, na jana ulipompeleka mtoto shule, ilikuwa hapo hapo chini ya siti?" Ilikuwa hapo hapo. Nuru anakaa siti ya nyuma, moja kwa moja nyuma yangu, na miguu yake hucheza huko chini.

Baadaye nilisoma habari ya Aprili 2016, huko Milwaukee, Marekani. Mama wa miaka 26 alikuwa akiendesha gari la mpenzi wake, ambaye alikuwa mlinzi. Bastola ikateleza kutoka chini ya siti ya dereva, mwanawe wa miaka miwili aliyekaa nyuma akaiokota, na risasi ikapenya siti ikamuua mama yake barabarani. Habari hiyo sikuweza kumsomea mke wangu. Nilimpa simu aisome mwenyewe.

Watu hawalifikirii jambo la uzito. Glock 19, bastola ya wastani ambayo wengi huanzia, ikiwa na risasi 15 kwenye magazini inakaribia gramu 850. Gari likienda kilomita 60 kwa saa, na bastola inaenda kilomita 60 kwa saa. Gari likigonga likasimama papo hapo, bastola iliyowekwa ovyo haijapata habari. Yenyewe inaendelea na safari. Pigo lake kwa atakayekutana nalo ni sawa na kuidondosha kutoka mita 14 juu, yaani dirisha la ghorofa ya nne hivi. Hapo bado hatujazungumzia risasi.

Tangu hapo nina neno moja ninalowaambia wenzangu wenye vibali: kinachokukera utakitoa. Mtu atakuapia kwamba bastola yake haitoki kiunoni, lakini mweke kwenye foleni saa mbili, joto limepanda, kitako kinamsugua mbavu, uone kama haitakuwa kwenye mlango, kwenye siti ya abiria, kwenye kishikio cha kikombe. Ikishafika huko, ameharibu usalama, na mahali pengi ameharibu na sheria. Sheria ya silaha ya Afrika Kusini ya mwaka 2000, kwenye kifungu cha 84, inataka anayebeba bastola mahali pa umma aiweke kwenye ala iliyofungwa mwilini mwake, au kwenye mkoba unaofaa, ifunikwe yote, na aweze kuidhibiti. Bastola inayobingirika miguuni inadhibitiwa na nani? Kwa hiyo nikitumia muda mrefu hapa kuzungumzia suruali na mito ya mgongo, msinione mpenda anasa.

Nilianza upya na mahali pa kuivaa. Hapa kuna kisa. Wajuzi wa silaha husoma kiuno kama uso wa saa: kitovu ni kumi na mbili, uti wa mgongo ni sita, nyonga ya kulia ni tatu. Anayetumia mkono wa kulia hufundishwa kuiweka kwenye nne, nyuma kidogo ya nyonga. Mwalimu wetu akasema, "Kila mtu aiweke saa nne." Sasa wewe mwambie Mswahili saa nne uone mshale utakapokwenda! Nusu ya darasa tuliiweka kwenye kumi, mbele upande wa kushoto. Mwalimu akapita anatushika mikono mmoja mmoja, anaihamisha, huku wale walioelewa wanacheka. Nililicheka jambo hilo kwa mwaka mzima kabla ya kulielewa.

Kwenye nne, ukisimama, mambo ni mazuri. Shati linafunika, mkono unafika. Ukikaa, siti inaisukuma ndani ya figo. Siti zenye mbavu pembeni, zile zinazokukumbatia, ndizo mbaya zaidi. Na usukani una maana yake. Nimeendesha magari ya usukani wa kulia na ya usukani wa kushoto. Kwenye usukani wa kushoto, kifungo cha mkanda wa siti kiko kwenye nyonga yako ya kulia, yaani unakitafuta kifungo kwa vidole palepale ilipo bastola, gizani, chini ya shati. Kwenye usukani wa kulia kifungo kiko kushoto, afadhali, ila bastola inabanwa kati yako na mlango, na mkanda unapita juu yake. Kuifikia ukiwa umefungwa mkanda, kwa vyovyote, ni kazi ya mwanasarakasi.

Nikajaribu mbele, karibu na kitovu, upande wa kulia. Vijana wembamba wanaipenda, na sina ugomvi nao. Mimi nina kitambi. Nikikaa, kitambi kinakaa juu ya kitako cha bastola, na mtutu unaangalia mahali ambapo sitaki kitu chochote kiangalie, na pale ndipo unapopita mshipa mkubwa wa paja. Baada ya kile kisa cha zulia sikuwa na moyo huo. Ala ya begani niliivaa siku mbili: bastola inalala ubavuni na mtutu unatazama nyuma, na nyuma anakaa Nuru. Ya kifundo cha mguu niliivaa asubuhi moja, na mguu wenyewe ulikuwa wa klachi.

Kisha nikafanya upumbavu wa mwisho. Nilinunua kishikio cha sumaku, nikakifunga kwa skrubu mbili chini ya usukani, karibu na goti. Kilinipendeza sana. Bastola inanata, tak, mkono unashuka, iko pale. Rafiki yangu mmoja, ambaye amekuwa na kibali kabla yangu kwa miaka mingi, alipanda gari, akakitazama, akaniuliza maswali matatu bila hata kufunga mlango. Triga imefunikwa na nini? Gari likigonga, goti lako linaenda wapi? Na mtu akikuwekea silaha dirishani akakwambia shuka, wewe unashuka na nini, na yeye anabaki na nini? Kwenye sumaku triga iko wazi kabisa. Magari mengi yana mfuko wa hewa wa magoti unaofumuka kutoka hapo hapo. Na hilo swali la tatu halikuhitaji jibu. Jambazi angeondoka na gari langu na bastola yangu, na mimi ningebaki barabarani na kibali mfukoni.

Rafiki huyo ndiye aliyenipeleka kwenye kumi. Yaani kwenye ile "saa nne" ya darasa letu, mbele kushoto, kitako kimeelekea mkono wa kulia. Ukikaa, sehemu hiyo ya mwili haiegemei kitu. Siti haiigusi, mlango hauigusi, mkono wa kulia unafika bila kupinda mgongo. Ina kasoro zake: ukiiinamisha sana, mtutu unamwangalia abiria, kwa hiyo ala yangu imelala kidogo tu na mtutu unatazama chini. Na mtu anayesimama mbele yako uso kwa uso, kitako kiko upande wa mkono wake, jambo la kukumbuka ukiwa kwenye msongamano. Lakini kwa mtu anayekaa kutwa, sijaona bora zaidi. Niko kwenye kundi la waliokosea, na nimetulia.

Ala yenyewe sasa ni ya plastiki ngumu, imeundwa kwa bastola hiyo tu, inafunika triga yote na inabana mpaka ukiichomoa unasikia mlio. Ukiigeuza kichwa chini na kuitikisa juu ya kitanda, bastola ikiwa haina risasi, haitoki. Hicho ni kipimo cha kwanza, na ile ya kitambaa ingekishindwa kwa sekunde moja. Ya ngozi si mbaya, ila ichunguze kila wiki. Ngozi iliyochoka hulegea mdomoni, ukingo wake ukajikunja ndani, na siku unayorudisha bastola kwa haraka ule ukingo unafanya kazi ya kidole. Kamba za koti zenye vitufe mwishoni ni za kuogopwa vilevile; nilizikata zote.

Mshipi ndio uliobadilisha maisha, na watu hawanisadiki nikisema hivyo. Mshipi wa kawaida wa suruali unakunjika kwa uzito, bastola inaning'inia, kitako kinaegemea nje, unaanza kuivuta juu kila dakika tano. Kule kuivuta ndiko kunakomwambia kila mtu kwamba una silaha. Nikapata mshipi mgumu wa ngozi mbili zilizoshonwa pamoja, upana karibu sentimita nne, na suruali yenye kiuno kikubwa kidogo kuliko changu. Pochi ikatoka mfuko wa nyuma. Siti nikaisimamisha zaidi, kwa sababu ukilala kama uko ufukweni tumbo linasogea juu na kusukuma kila kitu. Mgongoni nikaweka taulo ndogo iliyokunjwa. Taulo! Maumivu ya nyonga niliyokuwa nayo kwa mwaka yakaisha kwa wiki moja, na bastola nilikuwa naisingizia bure kwa nusu yake.

Mkanda wa siti una adabu yake. Ile sehemu ya chini lazima ikae juu ya mifupa ya nyonga, ipite chini ya kitako cha bastola. Wapo wanaoipandisha juu ya tumbo ili isiguse silaha, au wanaifunga juu ya bastola yenyewe. Gari likigonga, mkanda uliopanda tumboni unakata matumbo, na chuma kilicho kati ya mkanda na mwili kitaingia mwilini. Mimi nakaa, nafunga mkanda, kisha navuta shati kutoka chini ya mkanda lianguke juu ya kila kitu. Huchukua pumzi moja. Ukishuka, fungua mkanda uuache urudi wenyewe, kisha shuka. Usishuke huku unautupa, kwa maana utalikwamisha shati na kuwaonyesha watu ulichonacho.

Safari ndefu nasimama kila saa mbili. Ni vizuri kwa mgongo hata kwa asiye na silaha. Jasho ni adui wa chuma; jioni naifuta, na upande unaogusa mwili naupaka mafuta kidogo. Joto la gari lililofungwa huwatia watu hofu kwamba risasi zitalipuka, lakini gari juani hufika nyuzi 60 au 70, na baruti inataka zaidi ya mara mbili ya hapo kuwaka yenyewe. Cha kuhofia kwenye gari lililofungwa ni mwizi. Na vyoo vya njiani, jamani: bastola ikae kwenye ala, ala ikae kwenye suruali, hata suruali ikiwa imeshuka. Anayeiweka juu ya tangi la maji atakuja kuisahau, na nilishamrudisha mtu mmoja mbio kutoka kwenye maegesho kwa sababu hiyo hiyo.

Kuna mahali huwezi kuingia nayo. Mahakamani, shuleni, uwanja wa ndege, na orodha inabadilika kila nchi. Hapo ndipo lazima itoke, na hapo ndipo wengi wanarudi kwenye chini ya siti. Mimi nina sefu ndogo iliyofungwa kwa waya wa chuma kwenye fremu ya siti, na kanuni mbili. Ya kwanza, bastola inatoka pamoja na ala yake, kama kitu kimoja. Kidole hakipati nafasi ya kukutana na triga. Ya pili, naifungia kabla ya kufika, mahali palipotulia, si kwenye maegesho ya pale ninapokwenda ambapo kila anayekaa kibarazani anaona. Na sefu ya garini ni ya saa moja au mbili. Usiku bastola inalala nyumbani.

Nilizipata kanuni hizo kwa aibu. Zamani, enzi za chini ya siti, niliwakabidhi gari vijana wa kuosha magari nikaenda zangu. Nilikuwa nimefika mbali nilipokumbuka. Nilikimbia, mtu mzima, viatu vya kazi, jasho. Walikuwa wameshafungua milango yote minne na kutoa mazulia, na kijana mmoja amepiga magoti upande wa dereva na kifyonza vumbi mkononi. Nikamwambia asimame, nimesahau simu. Akasimama, akanitazama usoni, akasema, "Chukua tu mzee, sijaigusa." Simu yangu ilikuwa mkononi mwangu.

Kuhusu askari, jambo la kwanza nililohamisha halikuwa bastola. Zilikuwa karatasi. Leseni ya udereva na kibali vilikuwa kwenye pochi, pochi mfuko wa nyuma kulia, na bastola enzi hizo ilikuwa kwenye nne. Kwa hiyo askari akisema "leseni", mkono wangu ulikuwa unakwenda kwenye silaha. Fikiria yeye anaona nini. Siku hizi karatasi zote ziko kwenye kikinga jua juu ya kichwa changu, mbali na kiuno kadiri inavyowezekana ndani ya gari.

Usiku mmoja nilisimamishwa, taa moja ya nyuma ilikuwa imekufa. Nikaegesha, nikazima injini, nikawasha taa ya ndani, nikateremsha kioo, nikaweka mikono miwili juu ya usukani, vidole wazi. Alipofika nikasema, "Habari za kazi, afande. Nina kibali cha kubeba silaha na leo ninayo. Ungependa nifanyeje?" Angalia mpangilio wa maneno: kibali kimetangulia, na neno bastola halimo kabisa. Akasogea nyuma hatua moja. "Iko wapi?" Nikamwambia, "Kiunoni, mbele kushoto, kwenye ala. Karatasi ziko hapa juu." Akasema, "Ya kiunoni iache. Nipe za juu." Nikasema kwanza mkono gani utakwenda wapi, ndipo ukaenda. Akasoma, akanirudishia, akaniandikia ile taa. Nilipoondoka ndipo nikagundua mgongo umelowa.

Sisemi kwamba adabu ni kinga. Julai 2016, huko Falcon Heights katika jimbo la Minnesota, Marekani, Philando Castile alisimamishwa na polisi. Alikuwa na kibali. Alimwambia askari kwa utulivu kwamba ana silaha, na muda mfupi baadaye askari akamfyatulia risasi saba akiwa bado amefungwa mkanda, mwenzi wake pembeni na mtoto mdogo siti ya nyuma. Askari alishtakiwa, na mwaka 2017 jopo la raia waamuzi mahakamani likamwona hana hatia. Nimeitazama video ile mara moja, sitaitazama tena. Kilichobaki kwangu ni ule muda kati ya kutaja silaha na kusogeza mkono. Kwa hiyo nikishataja, sisogei hata kujikuna mpaka niambiwe.

Kama ni lazima utaje au usubiri kuulizwa, inategemea uko wapi. Michigan, kwa mfano, sheria inamtaka mwenye kibali aseme mara moja anaposimamishwa. Majimbo mengine ya Marekani yanasubiri askari aulize. Mimi nasema popote, kwa sababu naona ni bora alisikie kwangu kuliko aone kitako shati likipeperuka.

Mipaka nayo imeumiza watu wema. Mwaka 2013 mama mmoja wa Pennsylvania, Marekani, mwenye kibali halali cha jimbo lake, aliingia na gari jimbo la New Jersey, akasimamishwa kwa kosa dogo la barabarani, akamwambia askari mwenyewe kwamba ana bastola. Kibali chake hakikuwa na nguvu upande ule. Alikamatwa, akakabiliwa na kifungo cha miaka, na ilibidi gavana amsamehe mwaka 2015. Sheria ya shirikisho ya 1986 inamlinda msafiri anayepita jimboni, lakini kwa masharti: bastola haina risasi, na silaha na risasi zote haziko mahali pa kufikiwa kutoka siti za abiria, gari likiwa halina buti, viwe kwenye sanduku lililofungwa kwa kufuli, na droo ya dashibodi haihesabiwi. Hiyo ni ndani ya nchi moja. Nchi na nchi ndiyo usiseme. Uingereza, ukiondoa Ireland ya Kaskazini, ilipiga marufuku karibu bastola zote mwaka 1997. Kibali chako cha kwenu huko ni karatasi ya kufungia karanga. Nikiwa na safari ya kuvuka mpaka, nasoma sheria za pande zote mbili wiki moja kabla, na mara nyingi jibu huwa ni kuiacha sefuni nyumbani na kwenda bila.

Na kwenda bila si msiba. Miaka yote hii sijaitoa bastola kwenye ala ndani ya gari hata mara moja, na nilichokitumia mara nyingi zaidi kujiokoa ni nafasi. Kwenye taa nasimama pale ninapoweza kuona matairi ya nyuma ya gari lililo mbele yangu yanavyogusa lami. Nikiyaona, nina nafasi ya kukata usukani na kutoka. Mara mbili nimetoka hivyo, mara moja kwa kupanda ukingo wa barabara, na sijui mpaka leo kama wale waliokuwa wananijia walikuwa wabaya au walikuwa wanauliza njia. Bastola ikilia ndani ya gari lililofungwa vioo, masikio ya wote waliomo yanaweza yasirudi kama zamani. Nafuu mikwaruzo ya bampa.

Mwezi uliopita nililipeleka gari kwa fundi, redio inakwaruza. Alilala chali chini ya usukani na tochi mdomoni, akakaa humo muda, kisha akaitoa tochi akaniita. "Bosi, haya matundu mawili ya skrubu hapa kwenye goti, nani aliyatoboa?"

Nikamwambia yalikuwepo nilipolinunua.